Habari za Bwana Abdallah bin Hemedi, Mwandishi wa Mazinde

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, hizi ni habari za mtu ambaye kitabu chake chatajwa sana na wenye kusoma, na mwenyewe hajulikani ila kwa wachache. Naye ni Bwana Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyekuwa mwandishi wa Semboja huko Mazinde, chini ya milima ya Usambara, kisha akawa liwali wa Tanga katika zama za Wadachi. Yeye ndiye aliyetunga Habari za Wakilindi. Lau si yeye, mengi tunayoyajua leo juu ya ufalme wa Vuga yangalikwenda kaburini pamoja na wazee walioyaona.

Msomaji asimchanganye na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, kwani majina yamepinduana na watu hukosea. Huyo Hemedi ni mshairi wa pwani hiyo hiyo ya Mrima, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima mwaka 1307 wa Hijra. Wote wawili waliishi zama moja, na wote wawili walitaka yaliyopita yasipotee. Lakini mmoja alishika vina na mizani, na mwenziwe akashika maneno ya kawaida, kama mtu aketiye barazani akihadithia baada ya sala ya isha. Nisba ya Ajjemy humrejeza mtu kwenye Uajemi, walakini maneno ya kitabu chake ni ya mtu wa pwani khalisi.

Sisi watu wa pwani tulizoea kudhani kwamba tarikhi ni mali yetu. Kilwa ina tarikhi yake iliyoandikwa kwa Kiarabu, na Pate ina yake, na kila mji wenye msikiti wa mawe huwa na mzee mwenye nasaba sandukuni. Tukitazama milima tulikuwa tukiona pembe, samli, tumbaku na watumwa, wala hatukuona kwamba huko nako kuna jadi, na enzi, na kesi za urithi zilizokatwa na wazee wenye akili. Watu wa milimani walikuwa na tarikhi yao vifuani. Bwana Abdallah ndiye katika watu wetu aliyeketi akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akaiandika kwa Kiswahili.

Sasa tuieleze tarikhi hiyo kwa kadiri itakiwayo, kwani hatuwezi kumjua mwandishi bila ya kujua aliyoyaandika.

Mwanzo wake ni Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu. Alipokuwa mtoto aliota meno ya juu kwanza, na watu wa zama zile walimwogopa mtoto wa namna hiyo, wakisema ni kisirani. Pwani nako jina la kigego lajulikana, na hofu yake yajulikana. Dini yetu yakataza tiyara, wala jino la mtoto halimdhuru mtu wala halimnufaishi. Lakini tukiri kwamba wako Waislamu wa vijiji vyetu ambao hofu hiyo haijawatoka. Basi Mbegha alipokua na wazee wake wakafa, jamaa zake walimnyima urithi, naye akatoka na mbwa wake na mikuki yake. Akafika Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mkubwa wa mji, wakaenda kuwinda nguruwe mwitu pamoja, na yule kijana akauawa na nguruwe. Mbegha akakimbia, akapanda milimani. Kila alipofika aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawapa watu nyama, nao wakampa vyakula vya mashambani. Mwisho akafika Vuga, akaua simba, na watu wakamfanya mfalme wao. Tangu hapo mfalme wa Washambaa huitwa Simba Mwene, na kizazi chake huitwa Wakilindi, kwa jina la ule mji alioukimbia.

Hayo ndiyo yahadithiwayo. Aliye mwanafunzi wa elimu ya hadithi atauliza isnadi, wala hataipata. Kati ya Mbegha na Bwana Abdallah pana zaidi ya miaka 100, na hapana mnyororo wa wapokezi utajwao mmoja mmoja. Lakini mimi sioni kwamba kwa sababu hiyo habari itupwe. Hatuichukui kama dalili ya hukumu. Twaichukua kama kauli ya watu juu ya nafsi zao: kwamba walimkubali mgeni aliyefukuzwa kwao kwa sababu aliwaletea nyama na kuwaondolea dhara, na kwamba ufalme wao ulianza kwa hiari, si kwa kutekwa. Washambaa wana maneno mawili wayapimayo kwayo watawala wao. La kwanza ni kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, mvua inyeshe na watu washibe. La pili ni kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mmoja aweza kuwa na uwezo wa yote mawili, na maneno haya yatatufaa tufikapo Mazinde.

Wafalme waliofuata tutawapita upesi, mpaka Kimweri ye Nyumbai, kwani huyo ndiye aliyeifikisha enzi kikomo chake. Alitawala muda mrefu sana, na amri yake ilitoka milimani ikafika pwani baina ya Tanga na Pangani, hata ikakutana na amri ya Sayyid Said wa Unguja, na madiwani wa pwani wakawa na mabwana wawili wa kuwaangalia. Wageni wa Kizungu walimwendea huko huko Vuga: Krapf mwaka 1848 na tena mwaka 1852, kisha Burton na Speke mwaka 1857, walipomkuta mzee dhaifu. Akafa mwaka 1862.

Aliyepewa ufalme ni Shekulwavu, mjukuu wake, kijana. Na Kimweri alikuwa na wana wengi waliotawala nchi mbalimbali, watu wazima wenye askari na wenye kiburi. Mmoja wao ni Semboja.

Semboja aliona jambo ambalo wenziwe hawakuliona. Wenziwe walidhani nguvu iko Vuga, kwa kuwa huko ndiko kuliko makaburi ya wafalme na dawa za mvua. Yeye aliteremka akakaa Mazinde, mahali pa joto na vumbi, katika bonde la Mkomazi, ukuta wa milima ukiwa mgongoni. Mtu wa milimani aliyezoea migomba na maji baridi asingepachagua. Lakini hapo ndipo ilipopita njia ya misafara itokayo Pangani na kwenda Upare na Kilimanjaro. Mwenye Mazinde alipokea hongo, alinunua pembe, na zaidi ya yote alipata bunduki na baruti. Semboja akavaa nguo za pwani, akapenda mambo ya pwani, akafanya urafiki na wafanyi biashara na wakubwa wa Unguja.

Na mkubwa wa namna hiyo lazima awe na mwandishi. Barua kwenda Unguja, Pangani na Tanga ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na aliyezijua herufi ndiye aliyejua siri. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo Bwana Abdallah. Vijana waionao leo kazi ya karani kuwa ni ndogo wakumbuke kwamba mwandishi wa mkubwa katika zama zile alikuwa masikio yake na ulimi wake. Aliyasikia mashauri kabla hayajawa vita. Aliwaona wajumbe wakija, akajua nani aliahidi nini, na nani alivunja ahadi. Kwa hiyo kitabu chake, kila kinapofika kwa Semboja, hugeuka. Yaliyotangulia ni hadithi za wazee. Kutoka hapo yaanza mambo ya mtu aliyekuwapo, na mashauri yasimuliwa kwa urefu hata msomaji hujiona yumo barazani pamoja nao.

Vita vilivyotokea ni hivi. Semboja alimpiga Shekulwavu, mwana wa nduguye, na Vuga ikatekwa na kuchomwa. Shekulwavu akafa baada ya hayo, na Semboja hakukaa Vuga mwenyewe. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, katika kiti cha Simba Mwene, naye akabaki Mazinde penye njia na bunduki. Katika fitina hiyo Wabondei waliinuka juu ya wakubwa wa Kikilindi waliowatawala, wakawaua wengi. Na uasi huo huitwa Kiva. Upande wa mashariki wa milima, ndugu wa Shekulwavu, aitwaye Kibanga, aliendelea kupigana. Nchi iliyokuwa chini ya mtu mmoja ikawa vipande vipande.

Hapa pana neno zito, wala si haki kulipita. Katika vita hivyo watu walitekwa, na waliotekwa waliuzwa, wakateremshwa Pangani. Mshambaa alimwuza Mshambaa, na jirani akamwuza jirani. Unguja soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara haikukoma siku hiyo. Walionunua, wengi wao, walikuwa watu wa pwani, na katika hao walikuwamo wenye kusimama safu ya mbele msikitini. Fakihi yeyote ajua kwamba asili ya mwanadamu ni uhuru, na kwamba mtu mwungwana aliyeibwa njiani au kutekwa katika ugomvi wa majirani hawi mtumwa kwa sababu ya kuuzwa tu. Masomo hayo yalikuwa yakisomwa katika madarasa zetu, na hukumu zake hazikufuatwa. Na kwa kipimo cha Washambaa wenyewe, nchi ilikuwa imebanwa.

Bwana Abdallah aliishi katika baraza ya mmoja wa wakubwa waliotajirika katika zama hizo. Basi swali liko wazi: je, mtu wa namna hiyo aaminiwe?

Kabla ya kulijibu tumalize maisha yake, kwani swali litazidi uzito. Mwaka 1888 pwani ya Mrima iliwaka moto, watu wakaondoka juu ya Kampuni ya Wadachi, na Abushiri bin Salim akawa mkubwa wa vita. Semboja katika ghasia hiyo aliiteka mizigo ya msafiri wa Kidachi, Hans Meyer. Kisha Abushiri aliposhindwa na kunyongwa, mwezi wa Desemba 1889, yeye alisuluhiana na wenye nguvu mpya. Akafa mwaka 1895. Mwaka huo huo Wadachi wakamnyonga Mputa, wa nyumba ya Semboja, aliyekuwa akitawala Vuga, nao wakamweka Kinyashi wa upande wa Shekulwavu. Mambo yaliyopatikana kwa bunduki za Mazinde yakarudi kule yalikotoka, kwa amri ya wageni.

Na Bwana Abdallah alikuwa wapi? Alikuwa na kazi katika serikali hiyo hiyo ya Wadachi, akafika daraja ya liwali wa Tanga, akikata mashauri ya watu wa mji. Wapo wamlaumuo kwa hilo. Mimi sioni lawama kubwa kwa mtu aliyekubali kukata mashauri ya watu wake ili yasikatwe na asiyejua sheria wala lugha yao. Walakini simsafishi kabisa, kwani liwali alikuwa pia mkono wa serikali katika kodi na kazi. Watu wa zama zile walichaguliwa na mambo zaidi ya kuyachagua. Hakuviona vita vikuu vya 1914 vilivyoiondoa serikali hiyo.

Ni katika zama hizo za uliwali ndipo kitabu chake kilipopigwa chapa, sehemu tatu, moja baada ya nyingine, tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 hata miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Na mahali kilipopigwa chapa ni Magila katika nchi ya Bonde, penye mtambo wa misheni ya Waingereza wa UMCA. Basi tazama: Mwislamu wa pwani ameandika habari za wafalme wasiokuwa Waislamu, katika utumishi wa Wadachi, na Wakristo wakazipiga chapa kwa herufi za Kizungu. Wako jamaa zetu walioacha kukisoma kwa sababu hiyo. Hilo si shauri. Mtambo ni chombo, kama kalamu. Maneno ni ya aliyeyatunga, na aliyetunga ni wetu.

Sasa turudi kwenye swali. Katika mlango wa ushahidi wa Minhaji, ambao kila mwanafunzi wa madhehebu yetu huusoma, ushahidi wa adui juu ya adui wake haukubaliwi, wala wa wakili katika jambo alilowakilishwa, kwa sababu ya tuhuma ya kuvutia upande. Kama tungemsimamisha Bwana Abdallah mbele ya kadhi, naye akashuhudia kwamba Semboja alikuwa na haki na Shekulwavu hakuwa nayo, kadhi angemrudisha. Lakini maulamaa wametofautisha baina ya shahada na riwaya. Shahada yafunga hukumu juu ya mtu, ndiyo ikawekewa masharti mengi. Riwaya hupokewa kwa mmoja, na huru na mtumwa ndani yake ni sawa, muradi awe mkweli na mwenye kuhifadhi. Tarikhi ni mlango wa riwaya. Kwa hiyo hatuulizi alimtumikia nani peke yake. Twauliza pia: je, alificha?

Nionavyo mimi, hakuficha lililo kubwa. Kuangushwa kwa Shekulwavu na ami yake limo. Kuchomwa kwa Vuga kumo, nako ni aibu ya bwana wake. Maneno ya upande wa Shekulwavu yamo pamoja na maneno ya Mazinde, hata msomaji aweza kukifunga kitabu akiwa upande wa waliofukuzwa. Mtu mwenye kumtukuza bwana wake tu angeanza na bwana wake akamalizia na bwana wake. Yeye ameanza mbali, kwa Mbegha, na kumweka Semboja mahali pake katika safu ya kizazi, mmoja baada ya wengine, na msomaji akimpima kwa wema wa baba zake humwona alivyo.

Penye upungufu ni kwingine. Jina la kitabu lasema kweli: ni habari za Wakilindi, si habari za Washambaa wote. Wafalme wamo, wana wa wafalme wamo, wajumbe na wazee wa baraza wamo. Mwenye shamba la migomba, aliyetoa kodi kwa wote waliopita, hutajwa kwa jumla. Na wale walioteremshwa Pangani hawana sauti humo, wala majina. Labda mwandishi hakuyajua majina yao; mwandishi wa baraza huandika ya baraza. Lakini msomaji wa leo akifika penye kusemwa kwamba mateka walikuwa wengi, na asimame kidogo kabla ya kuvuka.

Na jambo jingine lampasa sifa: lugha. Katika miaka ile ile Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa akiandika desturi za Waswahili, kitabu kilichotoka mwaka 1903, naye ana ufasaha wake. Lakini Mtoro aliulizwa na Mzungu, akajibu jambo baada ya jambo: harusi, mazishi, ngoma. Bwana Abdallah ana kisa kirefu kimoja kipitacho vizazi, na hakimponyoki mkononi. Watu husema ndani yake kama watu wasemavyo, kwa hila, kwa heshima na kwa mafumbo. Nimewasomea wanafunzi wakubwa kurasa zake nikawaona wakitaka kujua nini kilifuata, nao ni wale wale wanaosinzia katika tarikhi nyingine.

Kitabu kilikaa miaka mingi kikiwa adimu, chapa za Magila zikiliwa na mchwa. Mwaka 1962 kikatolewa upya kwa Kiswahili, kikiwa kimesanifiwa na J. W. T. Allen, yeye aliyekuwa ametoa pia ule utenzi wa Hemedi bin Abdallah. Na mwaka 1963 ikafuata tafsiri ya Kiingereza. Katika tafsiri hiyo Allen alikuwa na mwenziwe, naye ni William Kimweri, wa kizazi cha Kimweri ye Nyumbai mwenyewe. Hivyo tarikhi iliyotoka vinywani mwa Wakilindi, ikaandikwa na mgeni aliyekula mkate wa mmoja wao, ikarudi mikononi mwa mmoja wao. Baadaye Mmarekani Steven Feierman aliwauliza wazee wa milimani mmoja mmoja, akatoa kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974, na maneno ya Bwana Abdallah yakawekwa mizanini pamoja na maneno ya wazee hao. Mahali pengine yaliafikiana, na mahali pengine hayakuafikiana, na hiyo ndiyo kazi ya mizani.

Mazinde nayo imebadilika. Reli ilitoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905, kisha ikapita Mazinde ikaendelea hata Moshi, na njia ya miguu iliyompa Semboja nguvu ikafa. Mashamba ya mkonge yakajaa bondeni. Asafiriye leo kutoka Korogwe kwenda Same huipita kwa muda mfupi, milima ikiwa mkono wake wa kulia, naye Vuga amekwisha kuiacha nyuma, huko juu upande wa Soni, isionekane kutoka barabarani.